Michezo mikubwa ya video: Iuzwe kwanza au ianzie kwenye malipo ya mwezi?

KATIKA mitaa ya Kiwalani, kata iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, kibanda cha gemu hakihitaji bango. Hutambulika kwa kelele za vijana wanaoshangilia bao lililofungwa kwenye runinga, na kwa benchi lililojaa wanaosubiri zamu zao.

Humo, diski moja ya mchezo wa soka hununuliwa mara moja na mwenye kibanda, kisha huchezwa na watu wengi kwa kulipia mechi moja moja. Ni biashara ndogo inayosimama juu ya jambo moja: kwamba diski ikishanunuliwa hubaki mikononi mwa aliyeinunua.

Jambo hilo ndilo linalotikiswa na mjadala uliodumu kwa miaka kadhaa katika nchi zinazotengeneza michezo hiyo. Swali ni iwapo michezo iliyogharimu mamilioni ya dola iingizwe kwenye huduma za kulipia kwa mwezi tangu siku ya kwanza ya kutolewa, au iuzwe kwanza kama ilivyozoeleka.

Chimbuko la huduma hizo

Huduma ya malipo ya mwezi hufanya kazi mithili ya king'amuzi cha televisheni. Mteja hulipa kiasi maalumu na kupata ruhusa ya kucheza michezo yote iliyomo. Asipolipa mwezi unaofuata, mlango hufungwa, wala habaki na mchezo hata mmoja.

Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza mashine za Xbox, ilianzisha huduma yake ya Game Pass Juni 2017 kwa dola 9.99 za Marekani kwa mwezi. Mwanzoni ilikusanya michezo iliyokwisha kukaa sokoni. Hata hivyo, Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuwa michezo yake mipya itaingia humo siku ile ile inapoanza kuuzwa. Wa kwanza ulikuwa Sea of Thieves, uliotolewa Machi 2018.

Kwa mteja, hesabu ilikuwa nyepesi. Mwaka mzima wa huduma ulimgharimu takriban dola 120, yaani bei ya michezo miwili tu, kwa kuwa wakati ule mchezo mmoja mkubwa uliuzwa dola 60.

Sony, watengenezaji wa PlayStation, hawakufuata njia hiyo. Mwaka 2022, walipoipanga upya huduma yao ya PlayStation Plus katika madaraja matatu, aliyekuwa mkuu wa kitengo hicho, Jim Ryan, alieleza kuwa kuiweka humo michezo yao mikubwa siku ya kwanza kungevunja mzunguko ambao mapato ya mchezo mmoja hugharamia utengenezaji wa mwingine.

Nintendo ya Japani nayo ilishika msimamo unaofanana na huo. Huduma yake ya Switch Online, iliyoanza Septemba 2018, iliwapa wateja maktaba ya michezo ya zamani, huku mipya ikiendelea kuuzwa kwa bei kamili.

Hesabu ya gharama

Ukubwa wa fedha zinazobishaniwa ulifichuka Juni 2023, katika kesi ambayo serikali ya Marekani ilitaka kuizuia Microsoft kununua kampuni ya Activision Blizzard. Nyaraka za Sony zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kuwa mchezo wa The Last of Us Part II uligharimu takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212.

Mchezo wa dola milioni 200 ukiuzwa dola 70, na duka likakata asilimia 30 kama ilivyo desturi ya maduka ya mtandaoni, mtengenezaji hubakiwa na dola 49 kwa kila nakala. Hivyo ni lazima ziuzwe nakala zaidi ya milioni nne ili gharama irudi, tena kabla ya kuhesabu matangazo.

Katika malipo ya mwezi hesabu hiyo hubadilika. Ada ya mteja mmoja hugawanywa kwa michezo mingi iliyomo. Tena, mteja anaweza kujiunga, akaumaliza mchezo mkubwa kwa wiki mbili, kisha akajitoa.

Microsoft yenyewe haikulikana jambo hilo. Ripoti ya awali iliyotolewa Februari 2023 na mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilionyesha kuwa kampuni hiyo ilikiri kuwa mauzo ya mchezo hushuka katika miezi 12 baada ya kuingizwa Game Pass.

Wanaoitetea njia hiyo wana hoja zao. Wanasema mchezo huwafikia watu ambao kamwe wasingeununua, kampuni hupata mapato ya uhakika kila mwezi, na watengenezaji wadogo hulipwa kabla hawajajua kama kazi yao itapendwa au la.

Yaliyoonekana baada ya miaka

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Microsoft kukamilisha ununuzi wa Activision Blizzard Oktoba 2023, kwa takriban dola bilioni 69. Ununuzi huo uliipa kampuni hiyo Call of Duty, mojawapo ya michezo inayouzwa zaidi duniani. Februari 2024, Game Pass ilitangazwa kuwa na wateja milioni 34, na Oktoba mwaka huo Call of Duty: Black Ops 6 iliingizwa humo siku ya kwanza.

Gharama ya uamuzi huo haikuchelewa kumfikia mteja. Julai 2024, daraja la juu la huduma hiyo, Ultimate, lilipandishwa kutoka dola 16.99 hadi 19.99 kwa mwezi nchini Marekani. Oktoba 2025 likapanda tena hadi dola 29.99, ongezeko la nusu nzima kwa siku moja.

Kwa bei hiyo, mwaka mzima ulifikia takriban dola 360, kiasi kinachozidi bei ya michezo mitano mikubwa ya dola 70. Aliyekuwa akinunua michezo miwili au mitatu kwa mwaka hakuwa tena na sababu ya kuiona huduma hiyo kuwa nafuu.

Katika mabadiliko hayo ya Oktoba 2025, wateja wa daraja la kati waliahidiwa michezo mipya ya Microsoft ndani ya mwaka mmoja tangu itolewe, si siku ya kwanza, na Call of Duty haikuwamo kabisa katika ahadi hiyo. Kwa maneno mengine, waasisi wa njia hiyo wenyewe walikuwa wameanza kurudi nyuma.

Aidha, ajira za watengenezaji hazikusalimika. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika kitengo chake cha michezo. Mei mwaka huo ikatangaza kuifunga Tango Gameworks ya Japani, iliyotengeneza Hi-Fi Rush, mchezo uliosifiwa sana baada ya kutolewa Januari 2023 moja kwa moja ndani ya Game Pass. Miezi mitatu baadaye, kampuni ya Krafton ya Korea Kusini iliinusuru.

Haiwezi kusemwa kuwa malipo ya mwezi pekee ndiyo yaliyosababisha hayo. Lakini mchezo unaopendwa na watu wengi ambao hawakuununua hukosa hesabu ya mauzo ya kuutetea siku ya kupanga bajeti.

Wadogo wana habari tofauti

Kwa michezo isiyo na gharama kubwa, ushahidi unaelekea upande mwingine. Sony, waliokataa kuiweka michezo yao mikubwa katika huduma, waliuingiza mchezo mdogo wa paka, Stray, katika PlayStation Plus siku ulipotolewa Julai 2022, nao ukapata umaarufu mkubwa.

Mfano mwingine ni Clair Obscur: Expedition 33, uliotengenezwa na kampuni changa ya Ufaransa, Sandfall Interactive. Ulitolewa Aprili 24, 2025 ukiwa ndani ya Game Pass tangu siku hiyo, na bado ukauza nakala milioni moja katika siku tatu. Desemba mwaka huo ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards.

Ipo pia njia ya kati, na wapenzi wa soka wanaifahamu. Mchezo wa FIFA 22 ulitoka Oktoba 2021 na kuingia PlayStation Plus Mei 2022. EA Sports FC 24 ulitoka Septemba 2023 na kuingia humo Mei 2024. Mtengenezaji aliuza msimu mzima, na ligi za Ulaya zilipokaribia ukingoni ndipo akawafungulia mlango wenye subira.

Somo la filamu za nyumbani

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, mjadala huu si mgeni kama unavyoonekana. Katika enzi ya akina Steven Kanumba na Vincent Kigosi 'Ray', filamu za Kibongo ziliuzwa kwa diski, na msambazaji mkubwa alikuwa kampuni ya Steps Entertainment. Mauzo ya mitaani, pamoja na maduka ya kukodisha, ndiyo yaliyorudisha gharama.

Soko la diski lilipodhoofika, likiwa limeandamwa pia na nakala za wizi, kazi nyingi zilihamia kwenye chaneli za ving'amuzi kama Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam. Chaneli hizo zilileta malipo ya uhakika. Lakini panapokuwa na wanunuzi wakubwa wawili au watatu tu, wao ndio wanaopanga bei, na msanii asiyeafikiana nao hana tena barabara ya Kariakoo ya kupeleka mzigo wake.

Hatari hiyo hiyo inawakabili watengenezaji wa michezo. Mteja akishazoea kutonunua, ni vigumu kumrudisha dukani.

Kiwalani itapona?

Kwa mwenye kibanda cha Kiwalani, tatizo la kwanza ni mtandao. Mchezo mkubwa wa siku hizi aghalabu huzidi gigabaiti 100, na kuupakua kwa bando la simu ni gharama inayoweza kumeza mapato ya siku nyingi. Diski haihitaji bando ili mechi ianze. Huhitaji umeme wa Luku tu.

La pili ni malipo. Maduka ya mtandaoni ya PlayStation na Xbox hayakujengwa kwa ajili ya soko la Tanzania, na kwa miaka mingi mchezaji wa hapa amelazimika kufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine na kutafuta kadi maalumu za malipo, wakati fedha zake zimo katika simu.

La tatu ni sheria. Masharti ya huduma hizo humruhusu mteja kucheza kwa matumizi binafsi, si ya biashara. Masharti ya diski nayo hayatofautiani sana, na kazi hizo zinalindwa hapa nchini na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tofauti ni kwamba akaunti ya mtandaoni inaweza kufungwa kutoka mbali, ilhali diski haina anayeweza kuizima.

Diski yenyewe inazidi kuadimika. Xbox Series S ilitolewa mwaka 2020 bila tundu la diski, na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa bila kifaa hicho, anayekihitaji akinunua kando.

Kutokana na hayo, jibu lenye mantiki si moja kwa michezo yote. Mchezo mdogo unaotafuta kujulikana hunufaika kuingia kwenye huduma siku ya kwanza. Mchezo wa dola milioni 200 unapaswa kuuzwa kwanza, kisha uingie baadaye, kama ulivyofanywa mchezo wa soka. Vinginevyo gharama humrudia mteja kwa njia ya ada, au mtengenezaji kwa njia ya barua ya kuachishwa kazi.

Na kwa kadiri diski inavyoendelea kutengenezwa, kijana wa Kiwalani asiye na mashine, bando wala kadi ya benki ataendelea kuucheza mchezo wa mamilioni ya dola kwa bei ya mechi moja.