Avoka aliyesema jasho ni deni

Ninyi familia zilizokimbia vita, wengi wenu mnaamka alfajiri kutafuta kazi ya kutwa: kulima shamba la mtu, kubeba mizigo bandarini. Jioni mmoja analipwa, mwingine anaambiwa "njoo kesho". Leo tumkumbuke Antoine Rubbens, avoka Mbelgiji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa. Wakati wake Kalemie iliitwa Albertville, na Tanganyika yetu ilikuwa sehemu ya Katanga.

Vita ya pili ya dunia iliwalemea babu zetu. Shaba, bati, mpira, pamba, vyote vilitakiwa kwa wingi. Mwaka wa 1942 serikali ya koloni ilipandisha kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Mjini mshahara haukufuata bei ya sokoni. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi huko Elisabethville. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pamoja na wengine.

Mwaka wa 1945 Rubbens alikusanya makala zilizotoka katika gazeti L'Essor du Congo, akazifanya kitabu: Dettes de guerre, maana yake Madeni ya Vita. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Wakongo wametoa nguvu zao kwa ajili ya vita, kwa hiyo Ubelgiji una deni kwao. Mzungu kuwaambia hivyo Wazungu wenzake halikuwa jambo dogo. Lakini tusisahau, Mpoyi alidai kabla yake, akalipa kwa uhai wake.

Mwaka wa 1946 weusi waliruhusiwa kuwa na sendika, ila chini ya jicho kali la serikali.

Leo deni hilo lina sheria. Kodi ya kazi ya 2002 inasema hata bila kontra iliyoandikwa, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine. Na mtu wa kutwa akifikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho.

Kwa hiyo mama, baba, kijana: andika kila siku uliyofanya kazi, na jina la aliyekuita. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Deni lisilohesabiwa husahauliwa upesi na anayedaiwa.