Mama Katika Lugha ya Kisanskriti

Leo twataka kulichungua neno moja tu. Katika Bara Hindi ya kale, mama aliitwa maatr, kwa lugha ya Kisanskriti. Twaandika aa ili msomaji aivute sauti. Asidharau jambo hilo, maana hoja yetu yasimama juu yake.

Wako wanachuoni wa kale wa huko waliolitoa neno hili katika tendo maa, yaani kupima. Basi mama angekuwa mpimaji. Maelezo hayo yapendeza, kwani ni nani agawaye chakula nyumbani ila yeye? Lakini sarufi yayakataa.

Kisanskriti hakigeuzi jina mwanzoni, kama sisi tusemavyo mtu na watu, bali hugeuza mwisho, mfano wa mamangu, mamako, mamaye. Mama akitenda jambo, ni maataa, akitendewa, maataram, kitu chake ni cha maatuh, na mwana akimwita, husema maatar. Sasa tutazame daatr, yaani mpaji. Huyu akitendewa huwa daataaram, sauti ya kati ikivutwa, na ndivyo yalivyo majina ya watendaji. Kama mama angalikuwa mpimaji, tungalisikia maataaram. Nasi twasikia maataram, kwa sauti fupi, sawasawa na pitaram, baba, na bhraataram, ndugu mume. Neno limekaa na jamaa zake. (Dada peke yake, katika hao wa karibu, ndiye aliyeasi: yeye huwa svasaaram, na Panini, mwanasarufi mkuu aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alimtaja katika kanuni yake.)

Mwaka 1786 William Jones, jaji katika mji wa Calcutta, alisema kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zatoka katika chimbuko moja. Kilatini husema mater, Kiyunani meter, Kiajemi madar, Kiingereza mother. Wataalamu wengi huona kuwa ma ni sauti ya mtoto mchanga, kisha ukaongezwa mwisho ule wa majina ya jamaa.

Je, mama wetu wa Kiswahili ni wa ukoo huo? La, Kiswahili ni cha Kibantu. Mtoto hufumba midomo na kuifumbua, sauti ikatoka. Wazazi ndio waipao maana. Huko Georgia, chini ya milima ya Caucasus, watu husema mama, nao wamwita baba.