Mizani na Imani: Ushirika wa Pamba katika Eneo la Bariadi, 1950–1984

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Bariadi, iliyokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Maswa, alidai mizani ya haki kabla ya kudai chama. Wakulima wa Usukuma waliwashuku wanunuzi kwamba walipunja uzito, hivyo wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Vyama vya msingi viliota katika mazingira hayo, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika Victoria, lililobeba kwa pamoja huduma za uuzaji na, baadaye, uchambuaji wa pamba. Kwa maoni yetu, imani ndiyo iliyotangulia muungano: mkulima alikabidhi huduma kwa chombo cha mbali baada ya kuridhika na mpimaji aliyemfahamu.

Mwaka 1976 mpangilio huo uligeuzwa. Vyama vikuu vilifutwa kwa uamuzi wa serikali, si wa wanachama, na ununuzi ukahamia Mamlaka ya Pamba. Sheria ya 1982 iliviruhusu tena, na mwaka 1984 kikaundwa SHIRECU, chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, ambamo Bariadi ilikuwa wilaya. Safari hiyo, hata hivyo, ushirika ulianzia kwenye sheria, si kwenye kituo cha ununuzi.