Utengenezaji wa nzi bandia wa uvuvi

Utengenezaji wa nzi bandia ni kazi ya mikono ya kufungia manyoya, nywele za wanyama, uzi na waya kwenye ndoano ili ifanane na mdudu anayeliwa na samaki. Hutumika hasa katika uvuvi wa trauti, samaki wa maji baridi wa familia Salmonidae. Watu wengi huifanya nyumbani kama burudani, hasa katika miezi ambayo uvuvi umefungwa. Wengine huifanya kama ajira.

Wadudu wanaoliwa na trauti kwa kawaida ni wadogo na laini mno kuweza kuchomekwa kwenye ndoano. Ndiyo sababu wavuvi waliamua kuwaiga. Nzi bandia karibu hana uzito, kwa hiyo hawezi kurushwa mbali peke yake: kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, nao humbeba nzi hadi majini.

Aina

Aina za nzi bandia hufuata maisha ya wadudu wa mtoni. Mfano mzuri ni wadudu wa oda Ephemeroptera. Tunutu wao huishi chini ya maji, akitambaa juu ya mawe au kuogelea. Akikomaa hupanda juu, huambua ngozi yake na kutoka akiwa na mabawa. Mdudu mpevu hali chakula. Hujamiiana, hutaga mayai na kufa baada ya saa au siku chache.

Kwa hiyo kuna makundi makuu yafuatayo:
- Nzi wa kuelea huiga mdudu mpevu aliye juu ya maji. Hufungwa kwa manyoya magumu ya shingo ya jogoo au nywele za kulungu, ambazo zina hewa ndani.
- Nzi wa kuzama huiga mdudu aliyezama au anayepanda juu. Hufungwa kwa manyoya laini yanayocheza majini.
- Tunutu bandia huiga mdudu ambaye bado hajaota mabawa. Mara nyingi huongezewa uzito kwa waya au ushanga wa metali.
- Nzi wakubwa wenye manyoya marefu huiga samaki wadogo.

Historia

Maelezo ya kale yanayojulikana zaidi yaliandikwa na Claudius Aelianus, Mroma aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 BK. Alisimulia jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoadoa katika mto Astraeus kwa ndoano iliyozungushiwa sufu nyekundu, pamoja na manyoya mawili ya jogoo.

Mwaka 1496 Wynkyn de Worde alichapisha nchini Uingereza kitabu kidogo juu ya uvuvi kilichoorodhesha nzi 12 kufuatana na miezi. Kwa desturi hutajwa kuwa kazi ya mtawa Juliana Berners, lakini wataalamu wengi wana shaka. Mwaka 1836 Alfred Ronalds alitoa kitabu kilicholinganisha nzi bandia na wadudu halisi kwa michoro.

Baadaye kulitokea ubishi mkubwa kati ya wavuvi wa Uingereza. Frederic Halford, aliyetoa kitabu juu ya nzi wa kuelea mwaka 1886, alitetea kumwiga mdudu mpevu kwa usahihi na kuvua juu ya maji tu. G. E. M. Skues, katika kitabu cha mwaka 1910, alionyesha kwamba trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, aliendeleza fikra hiyo kwa tunutu bandia wake wa manyoya ya mkia wa fesanti.

Vifaa

Kifaa kikuu ni jiliwa dogo linaloshika ndoano na kuiacha mikono yote miwili huru. Vingine ni mkasi wenye ncha kali, kishikio cha rili ya uzi, koleo dogo la kushikia unyoya, sindano na vanishi ya kukaza fundo la mwisho. Ndoano hupimwa kwa namba: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Nzi wengi wa trauti hufungwa kwenye namba 10 hadi 18.

Malighafi za kawaida ni manyoya ya jogoo na bata, manyoya ya mkia wa tausi, na nywele za sungura. Hutunzwa katika makopo yenye mifuniko kwa sababu nondo hutaga mayai humo, na lava wao huyala.

Mfano: tunutu wa Sawyer

Tunutu huyu huonyesha kwamba nzi mzuri hahitaji vitu vingi. Anahitaji vitu viwili tu: nyuzinyuzi za unyoya wa mkia wa fesanti na waya mwembamba wa shaba nyekundu. Waya huchukua nafasi ya uzi na wakati huohuo humpa uzito.
1. Ndoano hubanwa kwenye jiliwa na kuzungushiwa waya, mizunguko mingi zaidi ikiwa karibu na tundu la ndoano ili kufanya kifua kinene.
2. Waya hurudishwa nyuma, na nyuzinyuzi tatu au nne hufungwa kwa ncha zake ziwe mkia.
3. Nyuzinyuzi husokotwa pamoja na waya na kuzungushwa kuelekea mbele.
4. Kwenye kifua, nyuzinyuzi hukunjwa nyuma na mbele, zikikazwa kwa waya kila mara, ili kuiga mifuko ya mabawa yasiyofunguka bado.
5. Mabaki hukatwa na waya hufungwa.

Sawyer hakuweka miguu. Alikuwa ametazama tunutu wakiogelea na kuona kwamba hukunja miguu yao mwilini. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuongeza: manyoya mengi mno au mizunguko mingi mno karibu na tundu, hadi mshipi haupiti.

Manyoya na sheria

Baadhi ya mapishi ya zamani, hasa ya nzi wa samoni wa karne ya 19, yalitaka manyoya ya ndege wa nchi za joto ambao leo hulindwa na sheria. Mwaka 2009 ngozi 299 za ndege ziliibwa katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, kwa ajili ya biashara hiyo. Nyingine zilipotea au zilitenganishwa na vibandiko vyake, hivyo zikapoteza thamani yake kwa sayansi. Kwa trauti hakuna haja ya manyoya hayo: unyoya wa kuku au uliotiwa rangi hutosha.

Afrika ya Mashariki

Trauti si samaki wa asili wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na kuwaweka katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, Kenya. Leo wako katika mito baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Kenya pia ni kati ya nchi zinazofunga nzi bandia kwa ajili ya kuuzwa Ulaya na Marekani. Kazi hiyo bado hufanywa kwa mikono. Hivyo nzi anayenunuliwa dukani huko Ulaya huenda amefungwa na fundi wa Kenya, kwa mizunguko ileile ya uzi ambayo mwingine huifanya nyumbani kama burudani.