Kombi ya Kulala: Gari Lililodumu kwa Mikono ya Wenyewe

Mwaka 1947 kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg kilikuwa chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza, na Ujerumani ilikuwa bado inafukua vifusi vya vita. Ben Pon, mfanyabiashara wa magari kutoka Uholanzi, aliona humo vigari bapa vilivyoungwa kwa vipuri vya gari dogo la Beetle ili kusogeza vyuma kiwandani. Tarehe 23 Aprili akachora kwenye daftari lake gari la mfano wa sanduku: dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Machi 1950 gari hilo, Kombi, lilianza kuzalishwa, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,131 na nguvu za farasi 25 tu.

Afrika Mashariki tuliizoea Kombi hiyo mbugani, ikiwa imejaa watalii, paa limefunguliwa ili waone simba. Ulaya na Marekani ilipata kazi nyingine: iligeuzwa nyumba.

Waliofungua njia hiyo ni Westfalia, kampuni ya Wiedenbrück iliyokuwapo tangu 1844, enzi za magari ya farasi. Mwaka 1951 ilitoa samani za kupachika ndani ya Kombi: makabati, na viti vinavyokunjuliwa vikawa kitanda. Samani hizo ziliweza kutolewa na kurudishwa, kwa hiyo fundi bomba au mwenye duka alibebea gari hilo mizigo siku za kazi, na mwisho wa wiki akaondoka nalo na familia yake. Miaka ilivyokwenda vikaongezwa paa la kuinuka lenye kuta za turubai, sinki, tangi la maji, jiko na friji, vyote katika gari linaloenea kwenye maegesho ya kawaida.

Miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya walisafiri kwa nchi kavu kupitia Istanbul, Tehran na Kabul hadi India na Nepal, na Kombi zilikuwamo katika misafara hiyo. Mwaka 1979, Mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan viliifunga njia hiyo.

Aliyesafiri mbali namna hiyo ilimlazimu ajue kushika spana. Mwaka 1969 mhandisi John Muir alichapisha huko New Mexico kitabu cha matengenezo ya Volkswagen, *How to Keep Your Volkswagen Alive*, chenye michoro ya Peter Aschwanden. Kilimlenga mtu asiyejua lolote kuhusu injini, na kilimweleza hatua kwa hatua, kama jirani anayesimama kando yake.

Mfano mzuri wa matengenezo hayo ni valvu. Injini ile hupozwa kwa upepo wa feni. Haina rejeta wala maji. Katika injini za kabla ya 1971, kipoza oili kilisimama kwenye njia ya upepo uendao silinda ya tatu, ikawa inapata joto zaidi kuliko nyingine. Nafasi ya valvu ikibana, valvu ya moshi ya silinda hiyo huungua, hata kukatika na kuvunja injini. Kinga yake ni rahisi: kila maili 3,000, injini ikiwa baridi kabisa, unafungua kifuniko, unapenyeza kibati cha milimita 0.15, unakaza au unalegeza. Unakagua pia mipira ya petroli, maana ikizeeka na kupasuka juu ya injini ya moto, gari zima linaweza kuteketea.

Kizazi cha tatu cha Kombi kilikuja 1979, na baada ya miaka michache kikapewa injini inayopozwa kwa maji. Rejeta ilikaa mbele na injini ikabaki nyuma, zikiunganishwa na mabomba marefu chini ya sakafu. Ukibadilisha maji lazima uinue pua ya gari na kutoa hewa juu ya rejeta mpaka viputo viishe. Ukitumia maji yasiyo na dawa sahihi, hedi huliwa na kutu na gasketi huanza kuvuja.

Kizazi hicho kiliendelea kuundwa Afrika Kusini hadi 2002. Brazil ilizalisha Kombi ya kizazi cha pili hadi 2013. Zilizobaki barabarani zinaishi kwa sababu wenyewe hawakuachiwa fumbo: kifuniko cha injini kilifunguka, maelezo yalikuwapo, na kazi nyingi ziliwezekana kwa vifaa vya kawaida. Viwanda vya leo, vinavyofunga magari yao kwa kompyuta, vinapaswa kurudisha haki hiyo. Anayelala ndani ya gari lake mbali na mji anastahili kujua namna ya kuliwasha asubuhi.