Nyota Mpya na Watazamaji Wake

Mtu asimamaye Sekei usiku, akiupa mgongo Mlima Meru, huukabili upande wa kusini, palipo wazi kuelekea nyika ya Wamasai. Mbingu za upande huo zina habari tupendayo kuwaeleza waalimu na wachungaji wenzetu, kwa kuwa ni habari ya nyota na pia ya kumbukumbu za watu.

Wazee walizijua nyota kwa kazi zake. Kilimia kilikuwa saa ya mkulima, na jina lake latokana na kulima. Hata methali yasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hesabu hiyo yategemea nyota zisizobadilika. Walakini ziko zinazogeuka: nyingine hung'aa na kufifia kwa zamu, na mara chache sana moja huwaka ghafula mahali ambapo jicho halikuona kitu. Hii ya mwisho wataalamu huiita supanova, na watu wa kale waliiita nyota mpya. Jina la kale lapotosha, maana kionekanacho si kuzaliwa kwa nyota, bali ni kufa kwake kwa kupasuka.

Iliyong'aa kupita zote zilizoandikwa ilionekana tarehe 30 Aprili, 1006. Huko Misri, Ali ibn Ridwan, aliyekuwa tabibu baadaye, aliiona angali kijana mwanafunzi. Aliandika kwamba ukubwa wake ulipita Zuhura mara mbili na nusu au tatu, tena akaandika mahali pa jua, mwezi na sayari wakati ule. Kwa maandiko hayo tarehe yake imehesabiwa. Watawa wa St. Gallen, katika Uswisi, nao waliiandika, wakasema ilionekana miezi mitatu kusini kabisa mwa mbingu.

Basi tupime. Kule St. Gallen nyota hiyo haikupanda zaidi ya nyuzi 5 hivi juu ya upeo wa macho. Misri ilipanda nyuzi 22 hivi. Bali juu ya Sekei ilipanda nyuzi 55. Mkaaji wa mteremko wa Meru aliketi barazani, na mtawa alichungulia dirishani. Hata hivyo habari twaisoma kwa mtawa, kwa sababu moja tu: aliandika.

Mbingu za kusini zilisema tena mwaka 1970. Tarehe 12 Desemba, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nacho kikaitwa Uhuru. Kilipima mionzi ya eksirei itokayo nyotani. Katika kundi la Sentauro, linalopakana na lile la Mbwa-mwitu ambamo nyota ya 1006 iliwaka, kilikuta kitu kinachopiga kama moyo kila sekunde 4.8.

Kisha tarehe 24 Februari, 1987, Ian Shelton na Oscar Duhalde, wakiwa Chile, waliona nyota iliyopasuka katika Wingu Kubwa la Magellan. Ulaya haikuweza kuiona kamwe. Sekei ilipanda nyuzi 24 hivi, na kwa miezi kadhaa jicho tupu liliweza kuiona.

Kwa hiyo, mwalimu aonaye nyota asiyoizoea na aandike mambo manne: tarehe na saa, nyota zilizo jirani nayo, mwanga wake ukilinganishwa na wa nyota ijulikanayo, na siku ilipotoweka. Hayo hayahitaji darubini wala fedha. Nasi tumebarikiwa mahali pazuri pa kutazamia. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.