Kiharusi Kinavyomkuta Asiye Nacho

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutakiwa kutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili za kiharusi zianze. Manufaa yake yalithibitishwa Marekani mwaka 1995. Shirika la Afya Duniani likaiingiza dawa hiyo, iitwayo altepulasi, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hata hivyo, wagonjwa wanaoipata barani Afrika ni wachache mno, na nyingi ya saa hizo hupotea kabla ya mgonjwa kufika hospitali.

Mzee anatia udhu alfajiri, ghafla mdomo unapinda na mkono wa kulia haunyanyuki. Mmoja anasema ni presha, mwingine anasema karogwa. Mganga anaitwa kwanza. Baadaye ndugu wanachangishana nauli, bajaji inakodiwa, zahanati inaandika rufaa kwenda wilayani, na wilayani hakuna CT-Scan. Bila kipimo hicho daktari hajui kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa inayomfaa wa kwanza yaweza kumuua wa pili. Akifika hospitali ya rufaa, muda umekwisha. Hata usingekwisha, familia ingeulizwa fedha.

Je, kuishi jirani na hospitali kubwa kunatosha? Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 nchini Tanzania ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Mjini hospitali ziko karibu, lakini hatari ni karibu mara tatu. Chanzo kikuu cha kiharusi, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, hutibiwa kwa vidonge vya bei nafuu ambavyo mgonjwa asiye na bima huvikatisha fedha zinapomwishia.

Wapo wanaoziona tiba za kisasa kuwa anasa kwa nchi maskini. Brazil imewajibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 221 katika hospitali 12 za umma, ulionyesha kwamba kuondoa damu iliyoganda kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa kunapunguza ulemavu. Brazil nayo ina umaskini mwingi, ila mfumo wake wa afya wa umma haumdai mgonjwa malipo mlangoni.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa kiharusi, kipimo cha sheria hiyo kiwe mambo matatu: vidonge vya presha visikosekane zahanati, CT-Scan ya dharura ifanyike kwanza, hesabu baadaye, na hospitali za mikoa ziwe na wodi ya kiharusi yenye wauguzi wanaojua kupima uwezo wa kumeza kabla ya mgonjwa kulishwa, na kumwanzishia mazoezi ya viungo mapema. La tatu linahitaji mafunzo kuliko mashine, na lingeweza kuanza hata katika bajeti ijayo.